Moduli ya mtu baki ndani ya programu yako: nani anashika funguo

Haya jamani, waliosimama pale mlangoni viti vipo huku mbele, sogeeni tuanze. Leo nina jambo moja tu, namna programu yako inavyoweza kupokea moduli, yaani kipande cha programu, aliyoikompaili mtu mwingine kabisa, ikaipakia, ikaiendesha na bado ikabaki salama. Chukulia una mfumo wa malipo, kila mteja ana namna yake ya kukokotoa makato, huwezi kukaa unabadilisha mfumo mzima kila mmoja akija na asilimia zake. Unataka alete faili lake, uliingize, lifanye kazi humohumo ndani ya mfumo na seva haijazimwa.

Njia ambayo wengi wanaikimbilia ni maktaba za lugha ya mashine, zile faili za .so na .dll. Unafungua kwa wito mmoja kama dlopen kwa zile .so, unaita fankisheni, ni fasta kweli sikatai. Ila ukishafungua imo ndani ya memori yako yote, inasoma nywila za wateja ikitaka, inaandika popote, na ikianguka inaanguka na wewe. Kwa kazi ya timu yako mwenyewe sawa, kwa faili la mtu usiyemjua mi nasema hapana kabisa.

Ndo hapo baitikodi inapoingia. Ni maelekezo ambayo prosesa haiyasomi moja kwa moja, lazima yapite kwenye injini iliyo ndani ya programu mwenyeji, na hiyo injini ni yako, we ndo unaiwekea masharti.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, baitikodi yenyewe haikupi usalama. Angalia Lua, lugha nzuri sana ilitoka Brazil mwaka 1993 pale chuo kikuu cha PUC-Rio, mpaka leo imo kwenye magemu kibao. Lua ukiipa faili linaloanza na baiti 1B halafu herufi L, u, a, inajua hii ni baitikodi na inaipakia bila kuuliza. Toleo la 5.1 lilikuwa na kikaguzi, watu wakawa wanaendelea kupata upenyo wa kukipita, basi kwenye 5.2 mwaka 2011 wakakiondoa, na mwongozo wao unasema wazi kabisa kwamba baitikodi iliyotengenezwa kwa nia mbaya inaweza kuiangusha interpreta, yaani injini inayoendesha Lua. Kwahiyo ukipokea skripti za Lua kutoka nje, ile load, fankisheni inayopakia skripti, ipe modi ya "t" ikubali maandishi tu. Ukiacha ilivyo inakubali vyote viwili, maandishi na baitikodi, na mifumo mingi inaachwa hivohivo mtu hana habari.

WebAssembly, aina nyingine ya baitikodi iliyoanzia kwenye brauza, wenyewe walienda njia nyingine. Ilitangazwa 2015, brauza kubwa zikakubaliana 2017, W3C, shirika la viwango vya wavuti, wakaipitisha kuwa kiwango rasmi Desemba 2019, na siku hizi inatumika sana hata nje ya brauza. Hebu tuifungue moduli moja muone kwa macho. Hii hapa kwenye skrini ina fankisheni moja inaitwa jumla, inapokea namba mbili inarudisha jumla yake, faili zima baiti 43:

00 61 73 6D 01 00 00 00
01 07 01 60 02 7F 7F 01 7F
03 02 01 00
07 09 01 05 6A 75 6D 6C 61 00 00
0A 09 01 07 00 20 00 20 01 6A 0B

Mstari wa kwanza ni kitambulisho na namba ya toleo. Wa pili unasema kuna aina moja ya fankisheni, inaingiza i32 mbili inatoa i32 moja, ile 7F ndo i32, namba kamili ya biti 32. Wa tatu, fankisheni namba sifuri ni ya aina hiyo. Wa nne ndo jina linaloonekana nje. Wa mwisho ndo kazi yenyewe: 20 00 weka namba ya kwanza kwenye steki, yaani rundo la namba zinazosubiri kufanyiwa kazi, 20 01 weka ya pili, 6A jumlisha, 0B maliza. Sasa rudi mstari wa nne uone kitu, ile 6A ipo pia pale, lakini pale ni herufi j ya "jumla". Baiti moja, maana mbili, na injini haichanganyikiwi kwa sababu kila sehemu inatangaza urefu wake na hakuna maelekezo yanayoweza kuruka kwenda kutua katikati ya data au katikati ya maelekezo mengine, kuruka kunaruhusiwa kwenye mipaka ya bloku tu. Kwahiyo injini inapita mara moja toka juu mpaka chini, kila hatua inajua kwenye steki kuna nini, na kitu kisipolingana moduli inakataliwa kabla hata maelekezo moja hayajaendeshwa. Mi hiki ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye WebAssembly.

Pili, moduli inakuja mikono mitupu kama mgeni asiye na mzigo. Haiwezi kufungua faili, haijui saa ngapi, haina intaneti. Ikitaka kitu lazima iorodheshe kwenye impoti zake, yaani orodha ya vitu inavyoomba kutoka nje, na wewe mwenyeji usipoipa hicho kitu basi haianzi kabisa. Soma hiyo orodha! Moduli ya kukokotoa makato inaomba soketi ya mtandao ya nini?

Tatizo linalowatesa wengi wanaoanza ni maneno. Kwenye mpaka kati ya mwenyeji na moduli ya kawaida zinapita namba tu, jina la mteja halipiti. Unachofanya, unaita fankisheni ya moduli ya kutenga nafasi, inakurudishia namba ya mahali ndani ya memori yake, unakopi baiti zako pale, halafu unaipa namba mbili, mahali na urefu. Na usithubutu kutunza pointa, yaani anwani, ya hiyo memori upande wako, maana moduli ikiomba kuongezewa, inaongezewa kwa kurasa za baiti 65,536, na memori nzima inaweza kuhama. Iulize upya kila ukitaka kusoma.

Moduli ikikosea, mfano ikigawa kwa sifuri au ikisoma nje ya memori yake, wito ule unakatwa na wewe unapata kosa la kulishughulikia, seva inaendelea. Ila kitanzi kisicho na mwisho sio kosa, kitakula prosesa mpaka asubuhi. Kwenye Wasmtime, moja ya injini za kuendesha WebAssembly, una njia mbili, unaipa mafuta, yaani kiasi cha maelekezo inachoruhusiwa kuendesha, na yakiisha inasimama, au unatumia epoki, yaani mwenyeji anapandisha kaunta na moduli inaiangalia kila inapozunguka. Mafuta yanakata palepale kila mara, epoki ni nyepesi zaidi. Chagua moja, usiende hewani bila yoyote.

Halafu kuna hili la kutunza moduli iliyokwisha kukompailiwa ili kesho ianze haraka. Zuri, ila faili lile sio baitikodi tena, ni lugha ya mashine, na ukilirudisha Wasmtime inaangalia toleo na mipangilio tu, haikagui kilichomo, ndo maana kwenye lugha ya Rust ile deserialize, fankisheni ya kulirudisha, imewekewa alama ya unsafe, yaani usalama ni juu yako. Mtu akiweza kuandika kwenye folda hiyo, ukaguzi wote niliousifu pale juu umeupoteza.

Dada pale nyuma anauliza kama stoo moja, ile Store ya Wasmtime inayobeba moduli zinazoendeshwa na memori zao, inatosha kwa wateja wote. Hapana dada yangu. Moduli kompaili mara moja, itumie kwenye thredi zote haina shida, ila Store tengeneza mpya kwa kila ombi, likiisha itupe, kwa sababu instansi zilizomo, yaani nakala za moduli zinazoendeshwa, hazifutwi mojamoja, memori inarudi pale Store yenyewe inapoondoka.