Louisville: mji uliokua usiku, na ardhi iliyolipia

(Mhadhara kwa jumuiya ya Waswahili wa Louisville, Kentucky, umeandikwa kama ulivyotolewa)

Haya wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi, sogeeni viti vya mbele huku maana huko nyuma naona kuna watu wametoka shifti moja kwa moja na nikianza tu kuongea watalala. (Kicheko.) Nimeombwa niongelee maendeleo ya miji na viwanja vya ndege, nikasema sina haja ya kwenda mbali, kesi yenyewe tunayo hapa hapa. Louisville ni mji wa saizi ya kati, sio Atlanta, sio Chicago, lakini eapoti yake iko kwenye listi ya zile zinazopitisha mizigo mingi zaidi duniani. Nyumbani tunasema fulani yuko majuu anabeba maboksi, inakuwa kama kumcheka mtu. Sasa hapa maboksi ndiyo yamejenga mji, kwa hiyo tuyaheshimu kidogo.

Tuanze na ardhi maana mambo yote ya eapoti ni mambo ya ardhi. Mwaka 1937 mto Ohio ulifurika vibaya sana, mji ukazama sehemu kubwa, na baada ya hapo wakaangalia ni wapi maji hayakufika, wakakipata kipande huku kusini, na mwaka 1941 mainjinia wa jeshi wakajenga uwanja pale ukaitwa Standiford Field. Ndiyo maana hadi leo kwenye tiketi yako panaandikwa SDF. Abiria walikuwa bado wanatumia Bowman Field, ule uwanja mdogo wa zamani upande wa mashariki, wakahamia Standiford mwaka 1947. Kwa miaka mingi baada ya hapo ulikuwa uwanja wa kawaida tu, wala hakuna mtu angeuandikia mhadhara.

Kilichobadilisha ni UPS, ile kampuni ya kusafirisha vifurushi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitaka kuanza huduma ya kifurushi kufika kesho yake, na ukitaka hivyo huwezi kurusha ndege kutoka kila mji kwenda kila mji, utafilisika. Unachofanya unakusanya vyote sehemu moja usiku, unavichambua, unavirusha tena kabla hakujapambazuka. Sasa hiyo sehemu moja iwe wapi? Chukua ramani ya Marekani uangalie, kutoka Louisville miji mingi mikubwa iko ndani ya saa mbili hivi za ndege, hali ya hewa haina barafu nyingi kama kaskazini, na uwanja usiku ulikuwa umelala tu. Hicho cha mwisho watu huwa wanakisahau. Mji mkubwa wenye abiria wengi hauwezi kukupa usiku wote. Mji wa kati unaweza, na Louisville ikautoa.

Nyie mnaofanya pale mnajua vizuri kuliko mimi, ila kwa wageni nieleze. Kuanzia kama saa tano usiku ndege zinaanza kushuka kwa foleni, yaani ukisimama Preston Highway unaona taa zimepangana angani moja nyuma ya nyingine. Makontena yanatolewa yanasukumwa juu ya sakafu iliyojaa vigololi vya chuma, kontena limejaa tani na bado mtu mmoja au wawili wanalizungusha kwa mikono. Boksi linawekwa kwenye mkanda, linapita chini ya kamera zinazosoma lebo popote ilipo hata ukiiweka kichwa chini, halafu mikanda yenyewe inaamua iende wapi, na mkono wa mtu unaligusa tena mwisho kabisa likipakiwa. Zaidi ya maboksi 400,000 kwa saa moja. Jengo lenyewe, Worldport, lilifunguliwa 2002, likaja kuongezwa, sasa lina kama futi za mraba milioni 5.2. Ikifika saa kumi alfajiri ndege zinaondoka na mji bado umelala, mtu wa mtaa wa Highlands anaamka anakunywa kahawa yake wala hajui kulikuwa na nini.

Sasa ili ufike hapo unahitaji njia za kurukia, ranwei, na uwanja wa zamani ranwei zake zilikatana, maana yake ndege mbili haziwezi kutua pamoja kwa uhuru. Mwaka 1988 wakatangaza mpango mkubwa: ranwei mbili mpya zinazokwenda sambamba, kati yake nafasi ya kama mita 1,500 ili ndege zitue mbili mbili hata kukiwa na ukungu. Ya mashariki ikafunguliwa 1995, ya magharibi 1997. Kiinjinia safi kabisa, sina neno. Lakini hiyo nafasi haikuwa tupu. Kulikuwa na mitaa mitatu, Standiford, Prestonia na Highland Park, watu wa viwandani na wa reli, nyumba ndogo ndogo, makanisa, maduka ya kona. Na msidhani ilikuwa mitaa ya weusi tu, walikuwemo Wazungu wengi wa kipato cha chini wanaoamka asubuhi kwenda kazini. Maelfu ya watu walihamishwa. Nyumba ikinunuliwa inabomolewa, jirani yako anaondoka wewe bado unabishana bei, unabaki na nyumba tatu kwenye mtaa mzima na taa za barabarani zinawaka bure. Waliotoka Dar hapa wanajua, waulizeni habari za Kipawa na Kipunguni watu walivyokaa miaka wakisubiri fidia ya eapoti.

Ila kuna kipande kimoja cha hii historia nakipenda sana na sijui kwa nini hakifundishwi. Kusini ya uwanja kulikuwa na kamji kanaitwa Minor Lane Heights, kadogo lakini kana meya wake na halmashauri yake, na ndege zilipoanza kupita juu yake usiku kucha watu hawalali. Badala ya kila mtu kuuza peke yake na kutawanyika, wao walikaa wakasema tunahama wote kama mji. Na ikafanyika! Ilinunuliwa ardhi ya shamba pembeni huko kusini mwa kaunti, zikajengwa nyumba mpya, mtu anatoa nyumba ya zamani anapewa mpya, majirani wakaenda na majirani wao, halmashauri ikaenda na halmashauri yake, wakaubatiza mji jina jipya Heritage Creek. Pale walipotoka sasa ni maghala. Mnaona tofauti? Highland Park walikuwa mtaa tu, hawana chombo cha kuwasemea, kila mmoja alikutana na mnunuzi kivyake mezani. Minor Lane Heights walikuwa na meya, wakawa na mtu mmoja wa kuongea kwa niaba ya wote. Mimi naona hiyo ndiyo sababu kubwa, kuliko hata pesa. Sisi jumuiya zetu hapa tuna viongozi wa harusi na misiba wazuri sana, wa mambo ya ardhi hatuna hata mmoja. (Makofi.)

Sasa faida, tusiwe watu wa kulalamika tu. UPS ndiye mwajiri binafsi mkubwa kuliko wote mjini, watu zaidi ya 20,000. Mwaka 1997 kulikuwa na mgomo wa wafanyakazi wa UPS wa nchi nzima, halafu kampuni ilikuwa inataka kupanua na haipati watu wa kutosha wa kufanya usiku, nani anataka kusukuma kontena saa nane za usiku? Ndipo 1998 ikaanzishwa Metropolitan College, serikali ya jimbo, mji, vyuo na kampuni pamoja: fanya kazi usiku, ada tunakulipia. Watoto wengi wamesoma hivyo, pamoja na watoto wenu. Mimi nasema ni dili nzuri na ni dili ngumu, yote mawili, kwa sababu kijana anayetoka kazini alfajiri na ana darasa saa tatu asubuhi huyo hasomi kama mwenzake aliyelala.

Na mji ukapanuka kufuata boksi. Ukiwa na ghala karibu na ranwei, mteja anaweza kuagiza usiku sana na bado apate kesho, kwa hiyo makampuni yakahamia kusini, mpaka Bullitt County, Shepherdsville kule Zappos waliweka ghala la viatu, Brooks pale wakaweka jengo kubwa la kutengeneza kompyuta zilizoharibika za maduka ya Best Buy. Laptopu inaharibika Florida, inaruka usiku, inatengenezwa Kentucky, inarudi. Kwa hiyo kazi zikaenda kusini, kwenye barabara ya 65, na katikati ya mji ikabaki na majengo ya ofisi na mahoteli ya bourbon, ile wiski ya Kentucky. Mtu asiye na gari amekwama.

Nije kwenye jina maana najua mnasubiri. Tangu 2019 uwanja unaitwa Louisville Muhammad Ali International. Yule bondia, mtoto wa hapa hapa, amezaliwa 1942, akakulia upande wa magharibi ya mji. Ndugu zangu Wakongo, sina haja ya kuwasimulia Kinshasa 1974, Ali alivyompiga Foreman. (Kelele: Ali boma ye!) Haya, haya. Watanzania wao wana yao pia, mwaka 1980 Rais Carter alimtuma Ali Dar es Salaam aombe tususie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa hata kuonana naye, yaani aliyekuwa bingwa wa dunia kaja hadi mlangoni. (Kicheko.) Lakini angalia hili. Hapa mjini kulikuwa na barabara inaitwa Walnut Street, biashara za watu weusi zimejaa, benki, bima, sinema, muziki, miaka ya 1960 wakavunja kwa jina la kuboresha mji, halafu 1978 wakaiita Muhammad Ali Boulevard. Uwanja nao hivyo hivyo, kwanza ikaondoka mitaa, miaka ikapita, jina la Ali likaja. Simlaumu Ali, na jina nalifurahia kila nikipita. Nawaambia tu mpangilio wa matukio.

Abiria je? Ni milioni nne na kitu kwa mwaka, wakati Nashville jirani zetu wamepita milioni 20. Wengine wanaona aibu, mimi sioni. Memphis ilikuwa na vyote viwili, FedEx, wapinzani wa UPS, tangu 1973 na kituo kikubwa cha abiria cha shirika la ndege la Northwest, shirika la Delta walipoichukua Northwest wakapunguza, wakapunguza, 2013 wakafunga kituo, teminali ikabaki inapiga mwangwi. FedEx hawakuondoka. Shirika la abiria linahamisha ndege zake kirahisi, lakini kilomita na kilomita za mikanda huwezi kuzipakia kwenye ndege. Hata hivyo msilale, mwaka 2025 UPS walitangaza kupunguza mizigo ya Amazon zaidi ya nusu, na mashine zinaongezeka. Mji uliotegemea mteja mmoja lazima usome magazeti.

Na lazima niseme la Novemba 4, 2025, maana wengine hapa mlikuwa kazini. Saa kumi na moja jioni, ndege ya mizigo ya UPS, MD-11, inakwenda Honolulu, injini ya kushoto ikachomoka wakati inaruka, ikaanguka kwenye viwanda na yadi mwisho wa ranwei upande wa kusini. Wafanyakazi watatu wa ndani wote walikufa, na chini walikufa zaidi ya kumi, watu waliokuwa kwenye shughuli zao tu. Ndugu wa Goma mnaikumbuka Birere 2008, ndege ilivyoingia sokoni. Hatuwezi kusema uwanja uondoke. Lakini mwisho wa ranwei ni sehemu ya kuuliza maswali kabla hujakodi fremu au kufungua gereji pale kwa sababu kodi ni rahisi. Kodi ni rahisi kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhusu nyumba, kwa ufupi. Kelele inapimwa kwa wastani wa siku nzima, na ndege ya saa nne usiku hadi saa moja asubuhi inaongezewa desibeli 10, ambayo ni sawa na kuhesabu ndege moja kama kumi. Wastani huo ukifika 65 eneo lako linaingia kwenye ramani, unaweza kupata msaada wa madirisha mazito na milango. Vizuri, ila mara nyingi unasaini karatasi kwamba unaruhusu ndege zipite juu yako daima, na karatasi hiyo inabaki na nyumba hata ukiiuza. Muulize wakala kabla ya kununua, na uende uangalie nyumba usiku, sio Jumapili mchana baada ya kanisa.

Haya maswali. Ndiyo mama.

Mama mmoja: Mwalimu, wanaita International, mbona hatupati ndege ya moja kwa moja hata ya Nairobi?

Jibu: Mama, mizigo ndiyo international, sisi bado. (Kicheko.) Shirika linahesabu abiria wa kila siku, sio wa Desemba, na hasa wale wa viti vya bei kubwa. Sisi tupo wengi lakini tunasafiri msimu mmoja na tunatafuta tiketi ya bei ya chini, haki yetu. Nairobi ya moja kwa moja ipo New York, Kenya Airways tangu 2018. Wewe begi lako litapita Chicago au Atlanta.

Kijana mmoja: Sisi tunapanga, hatuna nyumba. Wakitaka eneo wanatubeba tu?

Jibu: Hapana, na hili liandikeni. Mradi ukiwa na pesa za serikali kuu, kuna sheria ya mwaka 1970 ya kuhamisha watu, mpangaji naye yumo. Kama ulikuwa unaishi pale siku 90 au zaidi kabla hawajaanza kununua una haki ya msaada wa kodi na wa kuhama, na lazima upewe notisi ya maandishi ya siku 90. Kosa ambalo watu wengi hufanya ni kusikia fununu, wanaogopa, wanahama wenyewe, haki inapotea. Usihame kabla hujapokea barua ya kwamba unastahili. Mkataba wako, risiti za kodi, bili ya umeme yenye jina lako, vyote piga picha uweke kwenye simu leo leo, na kama mwenye nyumba anapokea keshi bila risiti, kuanzia mwezi ujao mlipe kwa money order, ile hati ya malipo unayoinunua ukabaki na risiti.