Ukolezi na Umumunyifu: Somo la Mashamba ya Chumvi

Ndugu wanafunzi, leo tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa mno katika majibu ya mtihani: ukolezi wa mmumunyo, yaani kiasi cha kitu kilichoyeyuka katika ujazo fulani, na umumunyifu, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho maji ya jotoridi fulani yanaweza kukipokea. Ukolezi tunaubadilisha tupendavyo, ila hatuwezi kuuvusha mpaka uliowekwa na umumunyifu kisha tukatarajia mmumunyo utulie.

Chukueni mashamba ya chumvi ya pwani, kama yale ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 27 za kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya mezani, na kwa kuwa moli moja (kipimo cha kemia cha kiasi cha kitu) ya chumvi hiyo ni gramu 58.5, ukolezi wake haufiki hata nusu moli kwa lita. Jua na upepo hupunguza maji, chumvi hubaki, na ukolezi hupanda siku hadi siku mpaka kila gramu 100 za maji zibebe gramu 36 hivi. Hapo mmumunyo umeshiba, na fuwele huanza kutua chini.

Sasa, ukolezi wa mmumunyo huo ulioshiba ni moli ngapi kwa lita? Wengi watazidisha 36 kwa 10, wagawe kwa 58.5 na kupata 6.2. Hesabu hiyo ni ya lita ya maji, ilhali tumeulizwa lita ya mmumunyo. Lita hiyo ina uzito wa kilo 1.2 hivi, na chumvi ndani yake ni asilimia 26, yaani gramu 312 hivi; jibu ni karibu moli 5.3. Ndiyo maana maabarani tunayeyusha chumvi kwanza, kisha ndipo tunaongeza maji hadi kwenye alama ya chupa.

Nitrati ya potasiamu ingetuwezesha kupata fuwele kwa kupoza tu, kwani umumunyifu wake hushuka sana maji yanapopoa. Wa chumvi ya mezani hupungua kutoka gramu 39 kwenye maji yanayochemka hadi 36 tu, hivyo wavunaji hawana budi kusubiri jua.

Tena maji yale yale yaweza kushiba chumvi moja yakawa na njaa ya nyingine: jasi, yaani salfati ya kalisi, hutua mapema, chumvi ya mezani hufuata ujazo ukibaki karibu sehemu moja ya kumi, na chumvi chungu za magnesi, zenye umumunyifu mkubwa zaidi, hubaki majini, nayo humwagwa kabla hazijaharibu mavuno.