Mtoki ukivimba, tafuta kwanza kidonda

Shikamooni wazee wetu, na nyie vijana mliopaki boda nje sogeeni mbele. Leo naongelea mitoki, maana hapa Moshi bado kuna watu wanaichanja kwa wembe na hilo linaniuma sana.

Iko hivi. Damu ikizunguka kuna majimaji yanavuja kuingia kwenye nyama za mwili, kwa siku lita kadhaa, na lazima yarudi, yanarudi kwa mishipa ya limfu, na njiani yanapita kwenye tezi, ambazo zikivimba ndiyo hiyo mitoki. Mtu mzima anazo kama 600 hivi, nyingi ndogo kuliko haragwe, shingoni, kwapani, kwenye kinena, zingine ndani kabisa tumboni na kifuani.

Sasa umechomwa mwiba shambani kisiginoni, bakteria wameingia, wengine wanabebwa na yale majimaji mpaka tezi ya kinena. Pale kuna seli zinaitwa makrofeji, zinawameza. Ila usidhani ni chujio la chai, kukamata ni nusu tu ya kazi! Kuna seli zingine, dendritiki, zinapanda kutoka kule kule mguuni zimebeba kipande cha huyo bakteria, zinawaonyesha limfosaiti, yaani chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, na limfosaiti ni wengi mno, kila mmoja na adui wake, anapita anaangalia, siyo wangu, anahamia tezi nyingine, mpaka apatikane anayemtambua. Huyo anaanza kuzaliana, siku chache tu wako maelfu, kuna wanaotengeneza kingamwili, kuna wachache wanabaki na kumbukumbu miaka. Ndio maana tezi inavimba na kuuma jamani, kumejaa mle! Wewe unaichanja, tena kwenye kinena penye mishipa mikubwa ya damu, na mwiba bado uko kisiginoni.

Kwa hiyo mtoki wa kinena, kagua miguu, funza, katikati ya vidole. Shingoni, angalia koo, meno, masikio, mapunye kichwani. Kwapani, mkono, na kina mama jipapaseni matiti pia.

Ila tezi ngumu isiyouma, au iliyopita wiki mbili haipungui, au iko juu ya mtulinga, au unatoka jasho usiku na unakonda, nenda hospitali. TB inakaa hata kwenye tezi za shingo, siyo mapafu tu, na ya ng'ombe inapita kwenye maziwa mabichi, yachemsheni tafadhali. Dawa zake bure, miezi 6, usikatishe.

Haya, mama pale nyuma nimeuona mkono, uliza.