Rejeta Ndiyo Nahodha

Mabibi na mabwana, kabla sijaanza nawaomba mfute picha ya manowari ya angani mliyonayo kichwani, ile yenye mabawa, inayolala upande ikikata kona. Bawa hufanya kazi penye hewa, na huko hewa hakuna. Kitu pekee kitakachofanana na mabawa ni rejeta, yaani mabamba ya kutolea joto la chombo, na hiyo ndiyo niliyokuja kuizungumzia, kwa sababu naamini ndiyo itakayoamua umbo la chombo kizima.

Rejeta ya gari hupozwa na upepo. Manowari ya baharini imezungukwa na maji. Angani kuna ombwe, yaani utupu usio na hewa, na ombwe halichukui joto la mtu. Ndiyo maana chupa yenye ombwe huiweka chai moto kutwa nzima. Imebaki njia moja tu: joto litoke kwa mnururisho, kama makaa yanavyokuunguza uso hata pasipo upepo.

Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Tuseme tuna silaha ya leza ya megawati 1, na katika umeme wote inaoula, asilimia 30 tu ndiyo inayotoka kama mwanga. Megawati 2.3 hivi zinabaki chomboni kama joto. Bamba la nyuzi 27 za Selsiasi, likinururisha pande zote mbili, hutoa takriban kilowati 0.9 kwa kila mita ya mraba. Basi tunahitaji mita za mraba 2,500, zaidi ya theluthi ya uwanja wa mpira. Kwa silaha moja! Mtambo wa umeme bado sijauhesabu.

Mtaniambia: lipashe bamba zaidi. Ni kweli, lipandishe kutoka kelvini 300 (ndizo zile nyuzi 27) hadi 1,200 na litatoa joto mara 256, kwa hiyo mita 10 za mraba zitatosha. Ila leza yenyewe haivumilii moto huo. Itabidi pampu isukume joto kutoka penye ubaridi kwenda penye moto, na pampu nayo hula umeme, nayo ina joto lake.

Suala la kujificha limeshajijibu. Nyuma yako kuna giza la nyuzi 270 chini ya sifuri, na wewe umebeba bamba jekundu. Voyager 1, chombo cha Marekani kisicho na watu, inatangaza kwa wati 23 hivi, na bado tunaisikia kutoka zaidi ya kilomita bilioni 24. (Nakiri, antena zetu zinajua pa kuielekea.)

Kwa hiyo utapigana ukiwa unaonekana, na adui atalenga rejeta. Kilo moja ya chuma ikija kwa kilomita 3 kwa sekunde ina nishati kuliko kilo ya baruti ya TNT. Kuzivika rejeta deraya ni kujiongezea uzito, na kila kilo inadai mafuta yake. Afadhali uzielekeze ubavu wake mwembamba kwa adui: chombo kiwe kirefu, pua mbele, silaha puani. Jambo hili si geni sana. Salyut 3, kituo cha angani cha Wasovieti kilichorushwa 1974, ilikuwa na mzinga wa milimita 23 usiozunguka. Kulenga kulimaanisha kugeuza kituo kizima. Ulifyatuliwa Januari 1975, kituo kikiwa hakina mtu.

Lakini maadui wakiwa wawili, mmoja mbele na mwingine ubavuni, ujanja huo umekwisha. Hapo utazikunja rejeta na kulimwaga joto kwenye barafu uliyobeba. Tani 1 ya barafu humeza joto la leza yetu kwa dakika tatu hivi kabla haijawa maji ya vuguvugu. Ukiyachemsha maji hayo na kuutupa mvuke nje, utafika dakika ishirini na kitu, ila hayarudi tena. Yakiisha, nahodha ana mawili ya kuchagua: azikunjue rejeta mbele ya mizinga ya adui, au azime leza.