Kiholanzi Kinaimbika, Shida ni Silabi

Ndugu wasikilizaji, historia ya bendi siisimulii leo. Nimekuja na hoja yangu ileile, na wapo humu walioisikia mpaka wameichoka: bendi ya Uholanzi ikichagua lugha ya kuimbia haichagui bendera, inachagua silabi.

Wekeni vidole viwili kooni. Nanyi wa nyuma mnaocheka. Tamkeni neno la Kiingereza "bad". Koo linatetema hadi mwisho, sivyo? Mholanzi mtetemo huo hana mwishoni mwa neno. Kwake d ya mwisho hugeuka t, b hugeuka p, v hugeuka f. Irabu yenyewe ya "bad" pia hana, huazima ile ya "bed". Basi "bad", "bed", "bat" na "bet", yaani mbaya, kitanda, popo na dau, yote manne yanatoka mdomoni kama neno moja. Haya, mtungie mpenzi wako wimbo hapo, asijue anaitwa kitandani au kwa popo.

Dawa si kuikaza ile d. Ukiikaza ndiyo kwanza inakuwa t. Dawa ni kuivuta irabu iliyotangulia na kuiacha konsonanti ijifie, kwa sababu sikio la Mwingereza hupima urefu wa irabu: kabla ya d huwa ndefu, kabla ya t huwa fupi. Kwenye noti ndefu melodia inamwokoa mwimbaji bila jasho. Kwenye maneno ya mbiombio lafudhi inachungulia.

Najua swali linalokuja, kila mara linaulizwa: mbona Shocking Blue, bendi ya Den Haag, Uholanzi, walishika namba 1 Marekani Februari 1970 kwa wimbo wa Kiingereza, "Venus"? Walishika, na tazameni walivyoshika. Mtunzi, Robbie van Leeuwen, alitaka kuandika "goddess", mungu wa kike. Kalamu ikateleza, n ikajipenyeza, ikawa "godness". Mwimbaji wao, Mariska Veres, akaliimba kama alivyolikuta kwenye karatasi, tena mwanzoni kabisa mwa ubeti wa kwanza, pasipo na pa kulifichia. Neno hilo halimo katika Kiingereza. Marekani ikacheza tu! Silabi zilikuwa mbili, mkazo ulikuwa mahali pake, mpigo haukuvunjika. Maana ilipotea mlangoni na hakuna aliyeiulizia.

Sasa wale wanaosema Kiholanzi hakiimbiki. Chukueni "nacht", usiku. Irabu fupi, halafu ch ya kukwangua koo, halafu t. Noti ndefu utaishika wapi? Sisi "usiku" inatuachia u, unaivuta mpaka mpiga kinanda achoke. Ukilazimisha "nacht" ivutike, unapata "naaaacht", na msikilizaji anadhani umekabwa. Bendi ya Doe Maar hawakulazimisha. Waimbaji wao, Henny Vrienten na Ernst Jansz, waliimba Kiholanzi juu ya ska na rege, muziki ambao gitaa linakata kati ya mapigo na kunyamaza. Silabi inayojifunga kwa kishindo ikapata kazi ya ngoma. Hadi wanavunja bendi mwaka 1984, mashabiki vijana walikuwa wanazimia ukumbini kwa lugha iliyosemwa haiimbiki.

Bendi ya Normaal walipita njia nyingine, na hapa mnivumilie, maana hapa ndipo ninapopapenda. Wimbo wao "Oerend hard", mwaka 1977, ni hadithi ya vijana wawili wa pikipiki, mmoja na Norton, mwingine na BSA, wanaokwenda kasi mpaka wanakufa. Hawakuimba Kiholanzi sanifu, waliimba lahaja ya Achterhoek, mashariki. "Werken", kufanya kazi, magharibi ya nchi wanaitamka "werke", n inadondoka. Achterhoek kinyume chake: wanaimeza e, n inabaki, "werk'n". N hiyo ni silabi kamili isiyo na irabu, kama m yetu katika "mtu". Inavumishika puani, na gitaa la umeme nalo linavuma. Mtasema ni mapenzi ya kijijini tu. Mapenzi yapo, lakini hiyo n magharibi wangeitoa wapi?

Mwenyekiti anatazama saa. Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, basi, kwa ufupi: kanuni ya kila nchi kuimba kwa lugha yake ililegezwa 1973, bendi ya Kiholanzi Teach-In wakashinda 1975 kwa Kiingereza, kanuni ikarudishwa 1977 hadi 1998. Msiniambie kanuni ndiyo iliyowanyima ushindi. Ilipoondolewa, Waholanzi walikaa hadi 2019 ndipo wakashinda tena. Kifrisi, lugha ya kaskazini mwa Uholanzi, nakiruka, ila jueni kwamba wimbo wa Kifrisi "Wêr bisto" wa kundi la Twarres ilishika namba 1 mwaka 2000 nchi nzima, na wengi waliouimba Kifrisi hawakijui.

La mwisho ni Kisranan, lugha ya Suriname, koloni la zamani la Uholanzi. Hicho kilifanya kama tulivyofanya sisi kwa benki na shati, neno linafungwa kwa irabu: "broke" ya Kiingereza ikawa "broko", "work" ikawa "wroko". Mwaka 2021, Eurovision ya Rotterdam, mwakilishi wa Uholanzi Jeangu Macrooy akaimba kiitikio cha Kisranan, "yu no man broko mi", huwezi kunivunja. Kila silabi karibu iko wazi, inavutika utakavyo. Na Ulaya iliyosikiliza ikaapa kwamba mwanamume yule anaimba kuhusu brokoli.