Mwongozo Haumjui Mtoto Wako

Ndugu wazazi, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuurekebisha mtaala wa vitabu uifae familia yako, nami naona nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wetu wa pili wa kusomesha nyumbani tulikuwa nyuma ya ratiba kwa wiki tatu. Mwongozo wa mtaala, ule unaopanga kila siku msome nini, ulilala mezani, visanduku vyake vitupu vikinisuta kila nilipopita. Siku moja nikasema leo nafidia. Nikasoma kwa sauti sura tatu za riwaya ya watoto mfululizo, bila kupumzika, nikifunua kurasa kama mtu anayehesabu noti. Mwisho wa sura ya tatu bibi yake yule msichana anafariki. Mimi mwenyewe sauti ilinikwama. Nikainua macho nimtazame mwanangu, wakati huo ana miaka minane. Akaniuliza, "Bibi gani?"

Jioni ile nilitia alama ya vema kwenye visanduku vitatu. Kwenye karatasi tulikuwa tumesonga mbele.

Tangu hapo, kila ninapoupangua mtaala kuna jambo moja nisilolipunguza: mtoto akisikie kitabu, kisha akisimulie kwa maneno yake. Mengine yote naona ruhusa kuyagusa. Idadi ya vitabu, mfuatano wake, kasi, umri uliopangiwa, hata lugha.

Kwa walio wageni wa njia hii niseme kidogo. Badala ya kitabu cha kiada kinachofupisha historia kwa aya kumi na maswali matano, mtoto anasomewa au anajisomea riwaya, wasifu wa watu, masimulizi ya safari, na vitabu vya maumbile vilivyoandikwa na mtu anayelipenda somo lake. Wengi wa wanaotunga mitaala hii wanakunywa kutoka kisima cha mwalimu mmoja Mwingereza, Charlotte Mason, aliyechapisha kitabu chake kuhusu elimu ya nyumbani mwaka 1886, na mwaka 1892 akafungua chuo huko Ambleside cha kuwafunza wanawake waliokwenda kufundisha watoto majumbani. Vitabu alivyovipenda aliviita vitabu hai. Alitaka mtoto asomewe mara moja tu, kisha asimulie. Tena alitaka masomo mafupi: kwa mtoto wa chini ya miaka minane, somo moja lisivuke dakika 20 hivi. Nawaona watu wanamtaja huyu mama kwa heshima zote huku wamemkalisha mtoto wa miaka sita saa mbili kwenye kochi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi tunapozama. Miongozo mingi ya leo imepangwa kwa wiki 36. Ya siku tano kwa wiki inatoa siku 180 za masomo; ya siku nne inatoa 144. Tofauti ni siku 36 kwa mwaka, na hapo ndipo pa kwanza pa kupatia pumzi. Lakini angalia: ukichukua kazi ya siku tano ukaibana ndani ya siku nne bila kuondoa kitu, hujapumzika, umeongeza mzigo wa kila siku kwa robo nzima. Siku ya tano huachwi nayo bure mpaka baadhi ya vitabu vitoke.

Pima kwa saa. Soma kwa sauti dakika kumi, kwa mwendo ambao mtoto wako anafuata kweli, si mwendo wako wa kufukuzia. Hesabu kurasa. Tuseme umepata tano. Mwongozo unataka siku hiyo kurasa 14 za riwaya, sita za historia na nne za sayansi: jumla 24. Hizo ni dakika 48 za sauti yako bila kikohozi, bila mtoto kuuliza lolote, bila mdogo wake kumwaga maji. Ongeza maongezi, umevuka saa moja. Una mtoto wa pili aliye kwenye ngazi nyingine? Anza tena. Ndipo mzazi anaposema mimi sina nidhamu, njia hii imenishinda. Hapana. Umepewa nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine, na wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri... mnaijua, mmalizie wenyewe.

Basi unakata nini? Usikate sura moja hapa na sura moja kule ili kila kitabu kibaki. Utajikuta na hadithi kumi zilizokatika, na mtoto hadai mwisho wa yoyote. Ondoa kitabu kizima. Vikiwapo viwili vinavyozungumzia tukio lilelile, baki na kile ambacho mtoto ukikifunga anasema "endelea kidogo." Kingine weka rafu ya chini, atakiokota mwenyewe siku ya mvua au hataokota. Riwaya nzuri isiyo na nafasi asubuhi ipeleke jioni wakati wa kulala, au itafutie toleo la kusikiliza mkiwa safarini. Na ile sura ndefu inayoeleza mandhari kwa kurasa tisa, mimi naifupisha kwa mdomo wangu kwa sentensi tatu kisha tunaendelea. Sijawahi kuona haya kwa hilo.

Kuna vitabu tutakavyovianza na kuviacha katikati. Tukisoma kurasa 50 na hakuna anayejali nani atafanya nini, tunakifunga. Wangu wananiangalia kwa mshangao bado, kana kwamba nimevunja sheria.

Kuhusu watoto wengi. Historia, sayansi, ushairi, hivi vinaunganishika vizuri. Mnasoma kitabu kimoja, wote wanasikiliza, ila hutarajii kitu kilekile kwa kila mmoja. Mdogo anachora alichosikia na kukisema kwa sentensi mbili. Wa kati anasimulia kwa mdomo, nawe unaandika anachosema. Mkubwa anaandika ukurasa wake. Kinachowasaidia wadogo hapa ni kwamba mtoto, kwa miaka mingi ya mwanzo, anaelewa kwa kusikia vitabu vigumu kuliko vile anavyoweza kujisomea. Kwa hiyo usimpe kitabu cha kusikiliza kwa kupima uwezo wake wa kusoma. Mtoto anayehangaika na herufi akiwa na miaka tisa bado ana haki ya hadithi ya mtu wa miaka tisa.

Hisabati na kujua kusoma havimo kwenye ruhusa hii ya kuunganisha watoto. Hesabu zinapandiana: asiyeelewa nafasi za tarakimu, namba za desimali zitampiga chenga tu. Pale kila mtoto na ngazi yake, kila siku, hata kwa dakika 15. Mitaala ya vitabu ina mvuto, na udhaifu wake wa kawaida ni kumfanya mzazi apendaye hadithi ajidanganye kuwa kitabu cha kuchekesha kuhusu namba kimehesabika kama somo la hesabu. Nimejidanganya hivyo muhula mzima, msinione mjuzi.

Naona dada pale nyuma ameinua mkono muda mrefu. Anauliza, tufanyeje ikiwa vitabu vyote vya mtaala ni vya Kiingereza na nyumbani tunazungumza Kiswahili?

Dada, hapo ndipo mwongozo unapokukosa zaidi, kwa sababu mtungaji hakuwaza kabisa kwamba upo. Mimi nasema fundisha kusoma kwa Kiswahili kwanza. Maandishi yetu yanafuata sauti. Mtoto akishazishika silabi anaweza kusoma neno lolote, hata asilojua maana yake. Kiingereza hakimhurumii: though na tough zinakaribiana kwa herufi na hazikaribiani kwa sauti. Akiwa tayari anajua kwamba herufi hugeuka maneno, ule ukorofi wa Kiingereza anaukuta akiwa na ujasiri. Kisha, kitabu cha Kiingereza kisome kwa Kiingereza, lakini mruhusu asimulie kwa Kiswahili. Kusimulia ni kupima kama amekielewa na amekipanga kichwani, na kichwa chake kinapanga kwa lugha ya nyumbani. Baadaye, taratibu, siku moja kwa wiki asimulie kwa Kiingereza. Tena ongeza vitabu vya Kiswahili kwenye orodha, vya hadithi na vya mashairi, usisubiri mtaala ukupe. Toa viwili vya kigeni, tia viwili vya kwetu. Kurasa ni zilezile, mzigo haujaongezeka.

Na hapohapo niseme kuhusu vitabu vya zamani. Baadhi vinasifiwa sana na vina watu wanaozungumziwa kama wanyama, au bara zima linaloelezwa kana kwamba halikuwa na mtu mpaka meli ifike. Visome peke yako kwanza. Kingine nitakisoma na watoto wakubwa na kusimama palepale penye uchafu tuuzungumze: nani anasimulia hapa, na nani hakupewa nafasi ya kusema? Kwa mtoto wa miaka sita sikisomi. Hana bado kinga ya kusimama mbali na msimulizi, anamwamini.

Sasa mtoto anayekataa kusimulia. Mara nyingi tumemgeuzia masimulizi kuwa mtihani. "Nini kilitokea? Halafu? Umesahau kitu." Hata mimi ningenyamaza. Punguza kipande: ukurasa mmoja badala ya sura. Mwache aigize kwa vijiti na vitambaa. Mwambie amsimulie baba aliyekosa kuwepo, kwa sababu hapo kuna mtu anayehitaji kweli kujua. Akikosea usimsahihishe katikati. Kwa kawaida ndugu yake atamrukia kabla yako.

Swali la sheria na kumbukumbu nalipita haraka. Ujue nchi yako inasema nini kabla ya kununua kitabu kimoja. Marekani elimu ya nyumbani inaruhusiwa katika majimbo yote, ila masharti yanatofautiana jimbo kwa jimbo. Ujerumani mtoto analazimika kwenda shule, isipokuwa kwa nadra sana. Popote mlipo, wekeni daftari: tarehe, kitabu, mstari mmoja wa alichosimulia mtoto. Ukiondoa kitabu kwenye mtaala, andika umeondoa nini na umeweka nini mahali pake. Siku ukiulizwa, una jibu.

La mwisho, kwa yule kaka aliyeniuliza mlangoni kama tulimaliza mtaala ule wa mwaka wa pili. Hatukumaliza. Tulifika wiki ya 27 mwaka ukaisha. Riwaya ile tuliirudia toka mwanzo, sura moja kwa siku, na kwenye sura ya bibi mwanangu aliniomba nisiendelee siku ile. Kesho yake alipomsimulia dada yake, alianza na kiti ambacho bibi alikuwa akikalia. Sijui kwa nini kiti. Mimi nilikuwa nimeshakisahau, ilibidi nirudi kukitafuta kwenye kurasa za mwanzo.

Haya, maswali mengine. Mama wa mbele, karibu.