Jinsi ya kuchora Ngome ya Elmina kwa rangi za akriliki

Haya wadau karibuni, leo tunachora ngome ya Elmina, ile ya Ghana, ile nyeupe walikokuwa wanafungiwa watu kabla ya kupakiwa melini kupelekwa utumwani. Tafuta picha yake iliyopigwa kutokea kilima cha St. Jago, kipo ng'ambo ya hori la Benya, ule mkono wa maji unaoingia kutoka baharini, ukiwa pale unaona hori chini yako alafu ngome alafu bahari nyuma yake, yaani picha imeshajipanga yenyewe. Waholanzi nao walilijua hilo, 1637 walipandisha mizinga kwenye kilima hichohicho wakaitwanga ngome mpaka Wareno wakasalimu amri.

Vifaa: kanvasi ya sentimita 40 kwa 50 inatosha, brashi pana moja, ya bapa ya kati moja, na ile nyembamba kabisa namba 0. Rangi ni nyeupe, bluu ile nzito yenye uzambarau kidogo, kahawia iliyokolea, njano ya udongo, nyekundu na kijani. Nyeusi iache dukani, ntakwambia kwa nini.

Anza na penseli, bonyeza kidogo tu. Piga mstari wa bahari theluthi moja kutoka juu, usiuweke katikati, tuko kilimani tunaangalia chini. Ngome yenyewe ianze na boksi moja refu lililolala, alafu ongeza maboksi mengine juu na pembeni, moja fupi moja refu, na paa za vigae hapa na pale. Usihangaike zisipolingana, Wareno walianza kujenga 1482, Waholanzi wakakaa zaidi ya miaka 200 wanaongeza na kubomoa, Waingereza wakaja kuichukua 1872, kwa hiyo hata yenyewe hailingani. Rula tumia kwenye mstari wa bahari tu, kuta piga kwa mkono. Na nyie wa Mombasa msije mkanichorea Fort Jesus hapa aisee, Wareno ni walewale ila ile ilianza 1593 na kuta zake zina rangi ya udongo, hii ni chokaa nyeupe.

Anga fanya haraka. Chukua nyeupe nyingi, bluu kidogo, na njano ya udongo kiasi cha ncha ya brashi, kule kuanzia Desemba kuna upepo wa harmatani unaleta vumbi la jangwani na anga linakuwa na ukungu fulani hivi. Bluu ya kadi ya posta hatuitaki leo. Bahari ni rangi ileile, ongeza bluu na kahawia kidogo, vuta brashi kwa ulalo, iache ikauke. Una feni? Washa.

Sasa ukuta, na hapa ndo watu wengi wanaharibu. Ukifyatua nyeupe kutoka kwenye tyubu ukapaka moja kwa moja unapata hoteli ya ufukweni, nzuri, safi, imekaa kitalii, na hiyo sio Elmina. Tengeneza nyeupe 3. Ya kwanza nyeupe na njano ya udongo kidogo sana, hiyo ni ya upande unaopigwa na jua, na jua letu ni la asubuhi linatokea kushoto. Ya pili nyeupe na bluu na kahawia mpaka iwe kijivu cha ubaridi, hiyo pande zote za kulia na chini ya paa. Ya tatu ichafue zaidi, tia na kijani tone moja, ipake chini kabisa ukuta unapogusa ardhi maana pale kuna unyevu na chumvi miaka yote. Zikikauka chukua brashi isiyo na maji, ifute kwenye kitambaa mpaka ibaki na rangi kidogo tu, alafu buruza kutoka juu kwenda chini, unaona ile michirizi? Simamisha video kama unahitaji, hapa usikimbie.

Madirisha. Juu alikaa gavana na maafisa, chini yao ndo yalikuwa mashimo ya watu, na moja ya baraza za gavana inatazama ua ambapo wanawake waliofungwa walikuwa wanatolewa nje. Kwa hiyo madirisha ya juu yape nafasi, yawe makubwa, na kila moja lipate kamstari ka mwanga ubavuni. Ya chini yawe machache, vitundu tu, bila mwanga wowote pembeni. Weusi wake ni bluu na kahawia sawa kwa sawa, utapata giza lenye kina, nyeusi ya tyubu inakaa juu juu kama doa, ndo maana nilisema iache dukani. Tumia namba 0, dondoa mara moja uondoe mkono, ukirudia rudia kinakuwa kikubwa na nguvu yote inaisha. Kuna wanaopenda kuweka minyororo angani au uso unaolia mawinguni, kazi ni yako, ila mimi naona vile vitundu 4 au 5 vikikaa vizuri vinatosha, na mtazamaji atavifikia mwenyewe bila kusukumwa.

Malizia na hori. Usiifute mitumbwi! Wengi wanaitoa eti ngome ibaki na huzuni yake, lakini Elmina ni mji wa wavuvi, Wafante, wenyeji wa pwani hiyo, wako pale na mitumbwi yao mirefu ya rangi kali na bendera zinapepea, walikuwepo kabla ya ngome na bado wapo. Piga mistari mifupi ya nyekundu, njano, kijani, ibanane ubavu kwa ubavu, alafu chini ya kila mmoja buruza rangi hiyohiyo iliyotiwa maji ili ionekane kwenye hori. Watu ni nukta mbili tu, kichwa na mwili, miguu haionekani kwa umbali huu.

Vanishi subiri siku kadhaa kwanza. Brashi osha sasa hivi, kabla hata hujapiga picha ya kupost, akriliki ikikaukia kwenye zile nywele hiyo brashi ndo basi tena.